Subiri Kinyamaze

Alfajiri ya Kilwa Kivinje ina harufu mbili: tope la mikoko maji yanapokupwa, na iliki. Ukiifuata hii ya pili kabla hakujapambazuka, utamkuta mama ameketi kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yake, na juu ya jiko chuma cheusi chenye mashimo saba, moja katikati na sita yamelizunguka. Nimekula vitumbua Unguja, nimekula Mafia, nimekula Dar es Salaam. Popote ninapofika pwani ndivyo ninavyovitafuta kwanza. Lakini Kivinje ndipo nilipoamua kukaa chini na kutazama, asubuhi tatu mfululizo, mpaka mama akanizoea.

Kazi yenyewe huanza jana yake. Mchele unachambuliwa, unaoshwa mpaka maji yaache weupe, kisha unarowekwa hadi punje ivunjike kati ya vidole viwili bila kelele. Zamani ulitwangwa kinuni. Siku hizi unapelekwa mashineni, na silioni hilo kuwa kosa, maana mashine haijagusa lile linalohitaji akili. Nazi bado anaikuna mwenyewe, amekalia mbuzi, kifuu kikizunguka mkononi, na anaacha kabla meno hayajagusa ganda la kahawia ili tui lisiingie weusi. Tui la kwanza, zito, analiweka kando. La pili, jepesi, ndilo analopikia uji.

Uji huu ndio moyo wa kitumbua, na wengi wanaojifunzia mjini huuruka. Mchele hauna ule mnato wa ngano. Ukitia hamira kwenye unga mbichi wa mchele, hewa inapanda na kutoroka, na unachokipata ni kitu kizito kama jiwe. Kwa hiyo sehemu ndogo ya unga hupikwa ikawa uji mzito, ikapoozwa, kisha ikachanganywa na ule mbichi. Uji unaushika unga, unga unaishika hewa. Uji ukiingia ungali wa moto, hamira inakufa. Mama anachovya kidole, anasubiri, anachovya tena. Baada ya hapo anaupiga mchanganyiko kwa mkono, kiganja wazi, toka chini kwenda juu, muda mrefu kuliko nilivyodhani mkono wa mtu unaweza. Kabla hamira ya dukani haijazoeleka, watu wa pwani waliumulia kwa tembo la mnazi.

Kuumuka hakufuati saa. Wakati wa kaskazi, usiku ukiwa na joto, ndoo hujaa upesi na ukilala usingizi mzito utaukuta unga umechachuka. Kipupwe kikiingia ndoo hufunikwa kanga mbili na kusogezwa karibu na majivu yenye uvuguvugu. Nilimwona akifunua kanga, akiinamisha ndoo kidogo na kutazama jinsi uso wa rojo unavyorudi. Akafunika. “Bado kidogo, mwanangu.” Kidogo chenyewe kilikuwa karibu saa nzima.

Nikiwa nimekaa pale, nilikuwa nikiwaza ni bahari kiasi gani imo ndani ya ile ndoo. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu alieleza chakula kwa kirefu: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe. Kilwa, kule Kisiwani, aliusifu mji na ukarimu wa sultani wake. Kivinje chenyewe kilinawiri baadaye, karne ya 19, misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipokuwa ikiishia hapa na pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Kuta za boma la Wajerumani zilikuja kusimama baada ya hapo. Katika biashara hizo, za heri na za dhuluma, vyakula navyo vilisafiri. Iliki ilitoka Bara Hindi. Na chuma cha mashimo kina ndugu: Kerala wanakipikia uniyapamu ya mchele, na Bukini, yaani Madagaska, wanaumua unga wa mchele wakauoka kwenye mashimo kama haya wakapata mofo gasy. Mtu wa Kivinje akishuka Antananarivo asubuhi hatakosa cha kunywea chai.

Turudi jikoni. Mafuta yanatiwa kijiko kimoja kila shimo, yanaachwa yashike moto. Tui zito limeshaingia ndooni mwishoni, pamoja na sukari na iliki iliyotwangwa muda huohuo. Mama anachota kwa upawa wa kifuu, anamimina bila kudondosha tone nje, anaanza shimo la katikati kwa sababu moto wake ni mkali zaidi. Ukingo unashika rangi, vitundu vinafunguka juu kama mchanga wa ufukweni kaa wanapotoboa. Hapo anachukua mshikaki wa chuma, anaupitisha pembeni, anakizungusha kitumbua kwa pigo moja dogo la kifundo cha mkono. Tumbo la dhahabu linakuja juu. Hakuna kilichochanika. Ukikimega kikiwa cha moto, ukingo unavunjika kwa sauti, na ndani kuna wavu laini wa mchele unaotoa mvuke wa nazi. Wavuvi waliotoka baharini walivila wakiwa wamesimama, vitatu vitatu, bila neno.

Tunasema kitumbua kimeingia mchanga mambo yanapoharibika. Baada ya kuona kazi iliyomo, msemo huo nausikia kwa uchungu zaidi.

Asubuhi ya tatu nilimsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa mshikaki. Nilipitisha pembeni, nikageuza, kitumbua kikachanika katikati na rojo likamwagika kwenye mafuta. Hakukasirika. Alikiondoa, akafuta shimo, akatia mafuta, akamimina kingine.

“Umetazama rangi,” akasema. “Rangi inadanganya, kungali giza. Sikiliza. Sasa kinapiga kelele kwa sababu kina maji. Subiri kinyamaze.”

Niliinama karibu na chuma. Vitumbua saba vilikuwa vikilia kwa pamoja, na kile cha katikati kikaanza kushusha sauti.