Kuitambua Nembo Iliyoiva

Ukiletewa rasimu ya nembo, omba kwanza uione kwa wino mweusi mtupu. Rangi hupendeza upesi na huficha mengi. Panda wa shirika la WWF alichorwa mwaka 1961 kwa nyeusi na nyeupe, na sababu mojawapo ilikuwa kubana gharama za uchapaji. Umbo lake limerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kila mara likizidi kuwa jepesi: leo kichwa na mgongo havina mstari wa kuvizunguka, jicho la mtazamaji linaumalizia lenyewe. Rangi ya tatu haijawahi kuhitajika.

Kwetu kipo kipimo kikali cha wino mmoja, nacho ni muhuri wa ofisi. Nembo isiyosomeka ikigongwa kwenye ankara haijakamilika, hata ikimeremeta vipi kwenye kioo cha kompyuta. Ikipita hapo, ifikirie imedariziwa kwenye sweta, kisha imechapwa kwenye kiroba.

Hicho kiroba nakitaja kwa makusudi. Chukua kiwanda kidogo cha unga wa sembe. Rasimu ya kwanza mara nyingi huwa hindi zima, punje zimepangwa safu kwa safu, majani mawili ubavuni, jua likichomoza nyuma. Kwenye simu inavutia. Kwenye kiroba, nyuzi za plastiki zilizofumwa hukatakata mistari myembamba, wino unatambaa, na zile punje zinaungana kuwa bonge moja la njano. Mteja anatazama sampuli na kusema, “Haijachangamka, ongezeni njano.” Malalamiko yake ni ya kweli, tiba aliyoipendekeza itazidisha tatizo. Mchoraji mahiri huyapokea malalamiko, akatafuta chanzo, akarudi na punje chache, kubwa, zilizoachana. Njano ni ileile, ila sasa hindi linaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo ukitaka kuipima kazi, weka rasimu ya kwanza na ya mwisho bega kwa bega. Kama kila awamu ya maoni imeongeza kitu, leo mkono ulioshika mwiko, kesho mwaka wa kuanzishwa, keshokutwa kaulimbiu, basi mchoraji alikuwa anatii tu. Kama kila awamu imepunguza, na wazo la mwanzo bado lipo na limekuwa wazi zaidi, hiyo nembo imeiva. Na wewe mteja una wajibu wako: sema unachokiona, usiamuru kirekebishwe vipi. “Jina halisomeki kwa mbali” ni maoni yenye thamani. “Sipendi kijani” yanataka swali la pili: huipendi kwa nini, au ndiyo rangi ya mshindani wako? Maoni yatoke kinywani mwa mtu mmoja. Mkurugenzi, mwenzi wake na mhasibu wakituma kila mmoja ya kwake, hakuna mchoro utakaosalimika.

Rangi zije mwisho, na zije chache. Sampuli tatu zatosha, mchoro uleule, herufi zilezile, ukubwa uleule. Mchoraji akibadilisha na herufi, hutajua umechagua nini. Tufaha la Apple lilivaa mistari ya rangi sita kuanzia 1977 hadi 1998, kisha likabaki na rangi moja, na hakuna aliyeshindwa kulitambua, kwa kuwa umbo ndilo lililolibeba.

Chunguza kina cha rangi kuliko jina lake. Nyekundu iliyokoza juu ya kijani iliyokoza inaonekana kali, lakini itoe fotokopi: zote mbili zinageuka kijivu kimoja, na wapo watu wasioweza kuzitofautisha hata zikiwa na rangi zake. Njano juu ya nyeupe hupotea. Ile bluu kali ya kwenye simu imetokana na mwanga, na wino wa karatasi haufikii ukali wake, kwa hiyo usiidhinishe rangi yoyote kabla ya kuiona imechapwa.

Kabla hujalipa salio, dai faili la vekta linaloweza kukuzwa bila kuchakaa, toleo jeusi, toleo jeupe la kuwekwa juu ya rangi iliyokoza, na namba za rangi, za kioo na za uchapaji. Asiyeweza kukupa hivyo hajamaliza kazi.