Huria, Bure na Wazi: Uhakiki wa Istilahi za Kushirikishana Maarifa kwa Mfano wa Morogoro na Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kipo mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Maktaba yake ilipewa kisheria hadhi ya Maktaba ya Taifa ya Kilimo mwaka 1991, na hazina yake ya kidijitali huhifadhi tasnifu na makala ambazo mwenye intaneti huweza kuzisoma bila malipo. Humo zimo kazi kuhusu misitu ya Uluguru, kilimo cha miteremkoni na maji ya mto Ruvu, ambayo jiji la Dar es Salaam huyategemea. Sehemu kubwa ya kazi hizo imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa istilahi iliyozoeleka, kazi za namna hii husemwa kuwa zina “ufikiaji huria”.

Makala haya yanaihakiki istilahi hiyo kwa kuilinganisha na maneno mawili jirani, “bure” na “wazi”. Hoja ya msingi ni kwamba “huria” hutaja hali ya andiko peke yake, ilhali “wazi” humhusisha pia msomaji. Tofauti hiyo ya kisemantiki inamgusa moja kwa moja mkulima wa Uluguru, ambaye ndiye chanzo cha data na ambaye mara nyingi hawezi kuisoma kazi iliyotokana na maelezo yake.

2.0 Maneno matatu

“Huria” lina asili moja ya Kiarabu na “huru”. Matumizi yake nchini Tanzania yanajidhihirisha katika majina mawili. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, neno hili huashiria kulegezwa kwa masharti ya mahali na wakati wa kusomea. Katika “soko huria”, huashiria kwamba dola imepunguza udhibiti wake. Kote kuwili kiini cha maana ni kuondolewa kwa kizuizi. Neno halisemi chochote kuhusu uwezo wa anayetazamiwa kuingia. Walioyapitia mageuzi ya soko huria wanafahamu kwamba kuondolewa kwa vizuizi vya biashara hakukumpa mtaji asiyekuwa nao.

“Bure” nalo lina maana mbili: bila malipo na bila faida. Muktadha ndio unaoamua, kama inavyoonekana katika “dawa za bure” na “kazi bure”. Andiko linalotolewa bila malipo kwa mtu asiyeweza kulisoma linabeba maana zote mbili kwa pamoja.

“Wazi” ni tofauti. Mlango huwa wazi, lakini pia jambo huwa wazi, na msemaji hutakiwa kueleza wazi. Neno hili hubeba dhana ya kutofungwa pamoja na dhana ya kueleweka. Kwa kipimo hiki, tasnifu ya Kiingereza kuhusu mashamba ya Mgeta huweza kuwa huria kikamilifu bila kuwa wazi kwa watu wa Mgeta.

3.0 Maazimio ya kimataifa

Upungufu huo haukuanzia katika tafsiri. Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililoweka msingi wa dhana ya ufikiaji huria, lilitaja vizuizi vya kifedha, kisheria na kiteknolojia. Lugha haikuwekwa katika orodha hiyo. Pendekezo la UNESCO kuhusu sayansi huria lilirekebisha kasoro hii kwa kutaja maarifa ya lugha nyingi katika fasili yenyewe. Lilipitishwa katika Mkutano Mkuu wa 41, Novemba 2021, mkutano uleule uliotangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hata hivyo, matukio haya mawili hujadiliwa mara nyingi kama mambo yasiyohusiana: la kwanza huachiwa wakutubi, la pili huachiwa wanaisimu na wanafasihi.

4.0 Uzoefu wa Uluguru na Tanzania

Historia inaonesha kwamba namna ya kuyafikisha maarifa huathiri mapokezi yake. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Utaalamu ulifika kama amri, na upinzani wa mwaka 1955 ukaufanya mpango huo uachwe. Baada ya uhuru, kampeni za kitaifa za Mtu ni Afya (1973) na Chakula ni Uhai (1975) zilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kujifunzia, kwa Kiswahili. Wanakikundi walisikiliza, wakajadiliana na kupanga la kufanya. Kampeni hizo nazo ziliongozwa kutoka juu, lakini ziliuchukulia uelewa wa mlengwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Hazikuwa na leseni huria, lakini maarifa yake yalikuwa wazi.

5.0 Mipaka ya uwazi

Huenda ikadaiwa kwamba “wazi” litatue kila kitu. Dai hilo halitoshi, kwa kuwa “kuweka wazi” ni pia kufichua. Mafunzo ya mwali miongoni mwa Waluguru hutolewa kwa kuzingatia umri na jinsi, na nyimbo zake hazikukusudiwa kila sikio. Mtafiti wa fasihi simulizi anayezinukuu na kuziweka katika hazina ya kidijitali huondoa mipaka ambayo wenyewe waliiweka kwa makusudi. Ridhaa ya kurekodiwa siyo ridhaa ya kusambazwa duniani kote. Hali ni hiyohiyo kwa maarifa ya dawa za asili. Vilevile, Kiswahili siyo mwisho wa safari: kwa baadhi ya wazee wa milimani, maelezo yaliyo wazi zaidi ni ya Kiluguru.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu hauitaki istilahi ya “ufikiaji huria” ifutwe. Ibaki kwa suala la leseni na malipo, na “uwazi” litumike kama kigezo cha pili kinachopimwa kwa uelewa wa jamii iliyotafitiwa. Kuitafsiri kila tasnifu ni gharama kubwa, lakini muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache unawezekana, na wanafunzi wa uzamili katika tafsiri wanaweza kuuandaa kama sehemu ya mafunzo yao. Aidha, fomu ya ridhaa itenganishe ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kusambaza. Bila hatua hizo, watu wa Kinole, Matombo na Mgeta wataendelea kuyatoa maarifa yao bure, katika maana zote mbili za neno hilo.