Kipaza Sauti Ni Kipi? Maoni Juu ya Waraka Mmoja wa Zabuni

Hivi karibuni tuliletewa waraka wa zabuni uliofasiriwa kwa Kiswahili, ili tuikague lugha yake kabla haujatangazwa. Taasisi yenyewe, ambayo hatutaitaja, yakusudia kujenga studio ya kurekodia kwaya na vikundi vya taarabu. Kifaa kikuu inachokihitaji ni kile kinachokaa baina ya maikrofoni na kompyuta: hupokea umeme dhaifu wa sauti, huukuza, huugeuza kuwa tarakimu, kisha huzigeuza tena tarakimu kuwa umeme wa kupelekwa kwenye spika. Mfasiri amekiita "kiolesura cha sauti".

Jina hilo halitawapendeza wote. Limezoeleka kwa mambo yanayoonekana katika kioo cha kompyuta, na mtu aweza kuuliza sauti ina sura gani. Baadhi ya wenzetu walipendekeza "kiunganishi", lakini mafundi wameshalitumia neno hilo kwa plagi na soketi. Tulibishana asubuhi nzima. Kwa maoni yetu sasa, ubishi huo haukustahili muda tulioupa. Neno geni humfanya msomaji asimame na kuuliza maana yake. La hatari ni neno kongwe ambalo kila mtu adhani analijua.

Neno hilo limo katika kifungu cha nne: "Kiolesura kiwe na njia 8 za vipaza sauti." Kipaza sauti ni kipi? Mwadhini husimama mbele ya kipaza sauti, na jirani huisikia sauti yake ikitoka katika kipaza sauti kilichofungwa juu ya mnara. Katika mazungumzo hapana madhara, maana kinachotajwa aghalabu kiko mbele ya macho. Katika zabuni, muuzaji aweza kuleta chombo chenye njia 2 za kuingizia sauti na njia 8 za kuitolea, naye akadai kwamba amekitimiza kifungu herufi kwa herufi. Studio itaweza kuunganishwa na spika 8, lakini kwaya nzima itarekodiwa kwa maikrofoni 2. Wakishtakiana, kila upande utakwenda na kamusi yake.

Kwa hiyo twashauri iandikwe: "Kiolesura kiwe na njia 8 za kuingizia sauti kutoka katika maikrofoni, kila moja na kikuzaji chake na umeme wa volti 48, na njia zisizopungua 4 za kupelekea sauti kwenye spika." Wako watakaotulaumu kwa kuyakumbatia maneno mawili ya kukopa. Mafundi wa redio huyatumia kila siku wala hawakosani. Kuhusu hizo volti 48, ambazo baadhi ya maikrofoni hazifanyi kazi bila ya hizo, mfasiri aliandika "umeme wa mzimu" kwa kulifuata jina la Kiingereza neno kwa neno. Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba mhasibu atakayeidhinisha malipo huenda asicheke. Idadi ya volti yatosha.

Mfasiri huyu si mzembe. "Sampuli 48,000 kwa sekunde" na "biti 24" ameziandika vizuri, bila kubuni pasipo haja.

Kimebaki kifungu cha sita, kinachotaka chombo "kisichochelewesha sauti". Chombo cha namna hiyo hakipo. Sampuli 256 zikikusanywa kwa kasi hiyo ya 48,000, zimekwisha kula milisekunde 5 na zaidi kabla kompyuta haijaanza kazi yake, na mwimbaji anayejisikiliza masikioni huanza kuona tofauti kadiri muda huo unavyozidi. Neno "kuchelewesha" ni sahihi na lisiguswe. Kinachokosekana ni kikomo, nacho kiandikwe kwa milisekunde baada ya kuwauliza mafundi watakaokitumia chombo.