Kisu cha Mhariri Katika Barua za Mzee Yeats

Mwishoni mwa 1907, mchoraji John Butler Yeats, mzee wa miaka 68, alipanda meli pamoja na binti yake Lily kwenda New York kutembea. Binti alirudi Ireland mwaka uliofuata. Baba hakurudi tena hadi alipofariki New York Februari 1922. Kwa miaka 14 hiyo, maongezi yake na mwanawe, mshairi W. B. Yeats, yalipita zaidi kwa posta. Barua hizo ziligeuzwa kitabu mara kadhaa, na kila mara kwa mkono tofauti. Tutazame mikono miwili.

Kwanza, mwandishi mwenyewe. Mzee Yeats alitoka katika ukoo wa Waprotestanti wenye ardhi. Alirithi shamba la Thomastown, Kildare, likiwa na rehani, kisha mwaka 1867 akaacha uwakili akaenda London kusomea uchoraji. Shamba lilikuja kuuzwa kwa wapangaji wake. Ardhi ikaenda, ulimi ukabaki, na barua zake zina mwendo wa ulimi huo. Anaanza na habari za nyumba ya wageni ya Petitpas alikopanga, anarukia Shakespeare, mara yuko kwenye hoja aliyoirudia miaka yote: kwamba ushairi ni sauti ya mtu aliye peke yake, na nathari ni ya mtu aliye kati ya watu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Ezra Pound, mshairi Mmarekani aliyewahi kuwa katibu wa Yeats mwana huko Sussex. Alikabidhiwa barua achague. Pound alikuwa akifundisha kwamba neno lisilo na kazi litolewe, na barua alizitendea hivyo hivyo. Msomaji wetu anajua muundo wa barua: salamu, hali za nyumbani, kisha "ama baada ya salamu", ndipo shabaha. Pound aliifuata shabaha, yaani fikra za mzee kuhusu sanaa, nayo yaliyoizunguka akayapunguza. Jina la kitabu linakiri: ni vifungu kutoka barua, si barua.

Uchapaji nao ulidai ufupi. Kitabu kilitoka mwaka 1917 Cuala Press, karibu na Dublin, kiwanda cha Elizabeth, binti mwingine wa mzee. Wasichana wa kiwanda walipanga herufi za Caslon moja moja kwa vidole, wakachapa kwa mashine ya mkono juu ya karatasi ya Saggart iliyotengenezwa kwa matambara. Kwa kazi ya namna hiyo, kila ukurasa ni jasho, na mhariri mwenye kisu ni rafiki wa mpangaji herufi.

Je, kisu kilikata vema? Kwa upande wa fikra, ndiyo: mchoraji asiyemaliza picha zake alionekana kuwa mwanafalsafa. Lakini fikra hizo zilikuwa na bei. Mzee alikuwa na madeni, na mwanawe alimuuzia miswada yake John Quinn, mwanasheria wa New York, ili fedha hizo zigharimie maisha ya baba. Jamaa walimsihi arudi nyumbani. Yeye alikuwa bado anachora picha yake mwenyewe aliyoagizwa na Quinn mwaka 1911, na alikufa hajaimaliza. Basi baba anayemfundisha mwana kwamba mshairi husimama peke yake, yeye mwenyewe amesimama juu ya mfuko wa mwana. Ukiondoa kodi ya chumba, hoja inabaki kama nguo kwenye kamba: safi, lakini haina mtu ndani.

Mkono wa pili ulikuja mwaka 1944, baba na mwana wote wakiwa wamekwisha kufariki. Joseph Hone alitoa mkusanyo wa barua za kuanzia 1869 hadi 1922, kwa mwana na kwa watu wengine. Naye alichagua, lakini aliacha barua ziwe barua: zenye siku, watu na mambo ya nyumbani. Humo hoja inaonekana ikizaliwa katikati ya maisha.

Hukumu yangu ni hii: Pound alihariri vizuri zaidi, Hone alihifadhi vizuri zaidi. Mwenye barua za wazazi wake sandukuni, akitaka kuzichapa, asome vyote viwili kabla hajashika mkasi. Na barua nzima aziweke mahali pakavu.