Mwana-kondoo na Wazee Wawili

Msomaji, ikiwa Biblia uliyo nayo ni ya Kikatoliki, fungua sura ya 13 ya kitabu cha Danieli uisome habari ya Susana. Katika Biblia nyingi za Kiprotestanti haimo. Wazee wawili, waamuzi wenye heshima huko Babeli, walimvizia bustanini wakamtaka. Alipokataa, walimshitaki uzinzi. Angaliuawa kama kijana Danieli asingaliwatenga wazee wale na kumwuliza kila mmoja dhambi ilitendeka chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake.

Wachoraji wa Italia wa karne ya 16 waliipenda habari hii kwa ajili ya kuoga. Tintoretto, mwaka 1555 hivi, alimchora Susana uchi kando ya maji, ametulia, ajitazama kiooni. Atazamaye picha ile amekuwa mzee wa tatu.

Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka elfu, ushuke katika mapango ya Roma ambamo Wakristo wa kwanza walizika wafu wao. Katika makaburi ya Priscilla Susana amevaa nguo zake, na wazee wameweka mikono juu ya kichwa chake ili kumshitaki. Maji hamna. Fundi amechagua saa ya hukumu, na saa hiyo ndiyo kiini cha habari.

Katika makaburi ya Praetextatus, juu ya kaburi la mwanamke aitwaye Celerina, fundi wa karne ya 4 hakuchora mtu hata mmoja katika habari hii. Amechora mwana-kondoo kati ya mbwa-mwitu wawili. Juu ya mwana-kondoo ameandika jina la Susana. Upande wa mbwa-mwitu, neno la Kilatini lenye maana ya wazee. Sisi tuliolelewa kumwamkia mzee kwa shikamoo hatuna budi kushtuka. Mvi hazikuwafaa kitu mbele ya fundi yule!

Walakini nina lawama. Mwana-kondoo hunyamaza, na Susana hakunyamaza: alipiga kelele bustanini, akalia kwa sauti kuu alipohukumiwa. Mchoro huu umewafichua wazee, lakini umemnyang'anya mwanamke ulimi wake. Kwa hiyo mimi naupenda zaidi ukuta wa Priscilla. Pale Susana anaonekana tena, hukumu imekwisha tanguka, amesimama wima na kuinua mikono kama walivyosali watu wa zama zile, na karibu naye Danieli ameinua yake vivyo hivyo.