Usitukane Wakunga: Miaka Yangu na Call the Midwife

Jumapili saa mbili usiku, kuanzia Januari mpaka Machi, sebule yetu ilikuwa haipati pa kukanyaga. Kati ya 2016 na 2018 nilifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kusini mwa Uingereza, na moja ya mambo ya kwanza niliyofundishwa na wenzangu wa zamu ni hili: Jumapili, kabla ya saa mbili, hakikisha kila anayetaka kwenda chooni ameshakwenda, maana Call the Midwife ikianza hakuna anayekubali kuinuliwa.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekulia Poplar kwenyewe, mashariki mwa London, mahali inapotokea hadithi. Huyu kazi yake ilikuwa kukosoa nguo. Eti mashuka yaliyoanikwa ni meupe mno. Kwao masizi yalikuwa yanarudi kwenye nguo kabla hazijakauka. Bibi wa pili, nesi mstaafu, alikuwa analia kila mtoto anapotoka, kila wiki, bila aibu. Babu mmoja alikuwa anaondoka muziki wa mwanzo ukipigwa tu, akisema hakuishi miaka themanini ili aje kuangalia wanawake wakipiga mayowe. Lakini mlango wa chumba chake aliuacha wazi, na chumba chenyewe kilitazamana na sebule. Wa nne alikuwa mwenzangu wa zamu, mama wa Kijamaika, aliyekuwa anaangalia amekunja mikono.

Tangu hapo nimesoma na kusikia maoni mengi kuhusu tamthilia hii, na kwa kweli karibu yote yalikuwa yameshasemwa na wale wanne. Ni sukari tupu. Inaliza. Siyo ya kwangu. Imechelewa kusema ukweli. Nataka kuyapitia, halafu niseme langu.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya BBC iliyoanza Januari 15, 2012. Heidi Thomas aliijenga juu ya kumbukumbu za Jennifer Worth, aliyekuwa mkunga mashariki mwa London miaka ya 1950. Manesi vijana wanaishi pamoja na masista wa Kianglikana kwenye nyumba iitwayo Nonnatus House, na wanazunguka mtaani kwa baiskeli kuzalisha wanawake majumbani mwao. Msimu wa kwanza ni mwaka 1957. Kila msimu unasogeza kalenda mwaka mmoja hivi, na kufikia msimu wa 14, uliorushwa 2025, tuko 1970.

Sisi wapenzi wa vitabu tuna sababu ya kuijali asili yake. Mwaka 1998 mkunga mmoja, Terri Coates, aliandika makala kwenye jarida la wakunga akiuliza kwa nini wakunga karibu hawaonekani katika fasihi, na akaomba mmoja wao ashike kalamu. Worth alisoma, akashika. Kitabu kikatoka 2002, vingine viwili vikafuata. Alifariki 2011, miezi michache kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Coates mwenyewe akaja kuwa mshauri wa ukunga wa tamthilia. Yaani haya yote yalianza na mtu aliyepekua rafu za vitabu akawakosa watu wa kazi yake.

Sasa tuanze na sukari. Bibi wa Poplar hakukosea. Kuna keki nyingi, kuna theluji inayoanguka kwa adabu, na kila kipindi kinafungwa na sauti ya Vanessa Redgrave, Jenny wa uzeeni, ikitueleza maana ya yale tuliyotoka kuyaona. Hapo ndipo ninapokereka zaidi. Tumeshaona, tuachieni! Na kinachochekesha ni kwamba Jenny kijana aliondoka mwishoni mwa msimu wa tatu, 2014, lakini sauti imebaki, kama mtu aliyehama mtaa zamani na bado anakusimulia habari za majirani wapya.

Lakini angalia kilichofichwa ndani ya sukari hiyo. Mzazi anayejua mtoto wake hataki dawa hukipachika kidonge ndani ya ndizi. Msimu wa kwanza unatupa Bi Jenkins, kizee anayenuka ambaye kila mtu anamkwepa, mpaka tunapofahamu kwamba watoto wake walifia kwenye nyumba ya maskini alikofungiwa nao. Msimu wa pili una mama wa watoto wanane anayejaribu kila njia kutoa mimba kwa siri, na kamera haigeuki. Mambo hayo yanaonyeshwa Jumapili usiku, wakati familia nzima imekaa na chai. Tamthilia kali, ya giza tangu mwanzo, isingeingia kwenye sebule ile.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni thalidomide. Katika msimu wa tano, hadithi ikiwa 1961, mtoto anazaliwa na viungo ambavyo havikukua, na taratibu tunaelewa kwamba chanzo ni vidonge ambavyo mama alipewa kutuliza kichefuchefu. Aliyeviandika ni Dokta Turner, mwema kuliko wanaume wote wa Poplar. Huo ndio uandishi. Angekuwa daktari mlevi au mwenye tamaa, tungemchukia tukaenda kulala. Walimchagua yule tunayempenda, kwa hiyo tunabaki na swali gumu: wema wako unatosha nini kama dawa uliyopewa kugawa ni sumu?

Usiku ule nilimwangalia bibi nesi, nikijua atalia. Hakulia. Alisema tu, bila kumtazama mtu, kwamba na yeye aliwahi kuvigawa vile vidonge. Hakuna aliyemjibu. Nilimsukuma mpaka chumbani kwake na njiani hatukuongea. Tangu siku hiyo sijaweza kusema kwamba tamthilia ile ni ya kubembeleza wazee.

Shutuma ya pili: kwamba inahubiri, inawavika watu wa 1960 mawazo ya leo. Kuna ukweli. Masista wa Nonnatus wana upole kwa kila aina ya binadamu ambao sidhani kama kila nyumba ya watawa ya wakati ule ilikuwa nao. Ila mwenzangu wa Jamaika alikuwa na lalamiko la upande wa pili kabisa. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilianza 1948, na manesi kutoka visiwa vya Karibiani walikuwa sehemu yake tangu miaka ya mwanzo. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Nonnatus House ilisubiri mpaka msimu wa saba, 2018, kumpokea Lucille Anderson, mkunga wake wa kwanza kutoka Jamaika. "Misimu sita," aliniambia tukikunja mashuka, "shangazi yangu alikuwa amejificha wapi?"

Na Lucille alipofika, misimu ya mwanzo ilimtendea kama inavyotendea kila tatizo: mtu anamkejeli, mtu mwingine anamtetea, chai inamiminwa. Ilichukua mpaka msimu wa 12, mwaka 2023, kwa tamthilia kukubali kwamba kuna mambo chai haiyatibu. Hadithi imefika 1968. Mwaka ule Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Mwezi Aprili Enoch Powell akatoa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji, na makuli wa bandari za London wakaandamana kumuunga mkono. Hao makuli ndio waume wa wanawake ambao Lucille anawazalisha. Lucille anavunjika taratibu, anarudi kwao Jamaika, na harudi tena. Watazamaji wengi walichukia. Walitaka aage vizuri. Mwenzangu aliniandikia ujumbe wa mstari mmoja: sasa ndiyo wameanza kusema.

Shutuma ya tatu ndiyo ninayoisikia kila mwaka: imezidi, wangeacha vitabu vya Worth vilipoisha. Nakiri kuna misimu ya katikati inayopwaya, harusi zinafuatana kama mabasi. Lakini kadiri kalenda inavyosogea, naona sababu ya kuendelea. Bandari za London zilianza kufungwa moja baada ya nyingine mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1970 ripoti rasmi, ripoti ya Peel, ilipendekeza wanawake wote wajifungulie hospitali. Yaani mkunga wa baiskeli anaondolewa duniani mbele ya macho yetu. Hadithi za zilipendwa kawaida husimamisha saa pale panapopendeza. Hii imekubali saa itembee, hata kuelekea mahali ambapo wahusika wake hawatahitajika tena. Kuiambia iishe mapema ni kutaka ibaki uongo.

Basi, niseme langu. Na langu sikulipata Uingereza, nililipata Muheza.

Mama yangu alikuwa mkunga wa serikali zaidi ya miaka thelathini, vijijini mkoani Tanga. Zahanati yake ya mwisho haikuwa na umeme. Alizalisha kwa chemli, baadaye kwa tochi aliyoibana kati ya shavu na bega. Nilipoenda likizo nilimpelekea misimu mitatu ya kwanza kwenye flashi, nikakaa kando yake nikisubiri machozi. Mama hakulia. Mama alikuwa anakagua.

"Huyo mtoto si wa leo," alisema mtoto wa kwanza alipotoka. "Ana wiki mbili huyo."

Ikaja hadithi ya Conchita, mama wa watoto ishirini na wanne, aliyejifungua wa ishirini na tano kabla ya siku zake. Wanataka kumpeleka kichanga hospitali, mama anakataa, anamweka kifuani ngozi kwa ngozi. Hapo Mama alisogeza kiti. "Ndiyo hiyo hiyo. Sisi tuliitiwa semina kufundishwa hiyo."

Halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo ya zamani?"

"Ndiyo, Mama. 1957."

"Zamani ya nani?"

Nilikosa jibu. Akanihesabia kwa vidole: maji ya moto yapo, taulo zipo, daktari yupo mtaa wa pili, gari la wagonjwa linaitwa na linakuja. Yeye alistaafu 2009, na gari la kuita hakuwa nalo. Wanawake walimfikia kwa baiskeli, wengine kwa machela ya kitanda cha kamba, na wengine hawakufika wakiwa hai. Kile ambacho wazee wangu wa sebuleni walikitazama kwa huzuni tamu, kama kitu kilichowapita, Mama alikitazama kama kitu ambacho hakijamfikia.

Ilipolia simu ya Nonnatus House kwa mara ya kumi au ya ishirini, akasema, "Hao hawaponywi na baiskeli. Wanaponywa na huyo anayepokea simu."

Nadhani hapo Mama aligusa kinachowarudisha watu kwenye tamthilia hii kila mwaka. Siyo sketi wala muziki. Ni ile hakika kwamba ukiita, mtu atavaa kofia yake, atapanda baiskeli, atakuja, na atajua jina lako.

Na hapo hapo ndipo penye hatari yake, ambayo naijua kwa aibu yangu mwenyewe. Jumapili moja kengele ililia chumba cha mwisho wa korido. Tulikuwa wawili tu zamu ile, mwenzangu yuko ghorofa ya juu. Kwenye televisheni mtoto alikuwa hapumui, wakunga wanamsugua mgongo, sebule nzima kimya. Nikajiambia, alie kwanza huyu mtoto. Alilia baada ya dakika mbili tatu. Nilipofika chumbani, bibi wa watu alikuwa amejilowesha, ameketi ameshika shuka, ananiomba radhi yeye. Mimi machozi bado yalikuwa mashavuni, ya mtoto wa kuigiza.

Kwa hiyo wanaosema tamthilia hii inadanganya kuhusu zamani, kwangu hilo si kosa lake kubwa. Kosa lake, nalo ni la hadithi nyingi nzuri, ni kwamba inakuacha ukihisi umeitika mwito, na wewe hujainuka kwenye kiti. Inategemea unafanya nini muziki wa mwisho ukiisha.

Waswahili walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ukitaka kuanza, anza na msimu wa kwanza, uruke harusi kama huna subira, lakini wa tano na wa 12 usiviache. Na wewe mwandishi unayesoma hapa: nimepitia rafu yangu ya riwaya za Kiswahili, na mkunga huingia na beseni, akatoka na beseni, ukurasa mmoja basi. Terri Coates aliomba 1998. Nami naomba leo. Rejista za Mama ziko Muheza, ndani ya sanduku la bati, na mwenyewe bado anakumbuka.

Wiki iliyopita alinipigia. Anataka nimletee misimu inayofuata. Anasema si kwa ajili ya wazazi, hao ameshawazoea. Anataka kujua kama Sista Monica Joan, yule mtawa mzee anayesahausahau na kuiba keki, bado yuko hai.