Waraka na Ubao

Chuoni tulikuwa na njia mbili za kupashana habari: waraka, uliomfikia kila mwalimu mkononi, na ubao wa matangazo, ambao kila mtu aliufuata mwenyewe. Mijadala ya mtandaoni ya leo, msomaji wangu, haijatoka nje ya njia hizo mbili.

Kundi la WhatsApp la sisi walimu wastaafu wa Tunduma ni waraka. Miezi miwili tulibishana humo kama Kiswahili kifundishie masomo yote sekondari. Simu yangu ikaharibika, hoja zikapotea. Mpinzani wangu mkuu alikuwa ameshafariki. Wengi walikuwa wamezifuta kupata nafasi. Mmoja tu alikuwa nazo, akanirudishia maneno ya marehemu. Lakini kijana aliyejiunga baadaye hakuyaona kamwe.

JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ni ubao. Hoja ya zamani hubaki pale, na mgeni asiyetujua huweza kutusahihisha. Nalipenda hilo, maana mjadala usio na mgeni hugeuka kuitikiana. Ila ubao una mlango mmoja. Juni 2018, kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, baraza hilo lilifungwa kwa muda, na sote tukabaki nje kwa pamoja. Waraka haufungwi hivyo, nakala zimetawanyika.

Kwa maoni yangu, hoja inayotaka kupimwa iende ubaoni, na inayotaka kutunzwa igawiwe mikononi mwa wengi. Ya marehemu nimeinakili daftarini, nikampa yule kijana.